Kwale Wanne wa Kilima cha Mnara

Jumamosi, 4 Julai

Msimu wa kuwinda umefunguliwa leo! Nimeamka na furaha ya bwana harusi. Mke wangu akaniuliza kwa nini nimevaa soksi mbili mguu mmoja na mguu wa pili hauna kitu. Mwindaji haulizwi maswali alfajiri.

Nieleze mambo kidogo, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mashuhuri. Kazi yangu ni fundi miwani. Nina duka la chumba kimoja, kiti cha wateja, kioo, na ule ubao wa herufi zinazopungua ukubwa hadi mteja anaanza kutunga. Mwisho wa wiki mimi ni mwindaji wa ndege wa vilimani, kwale na kanga. Tuko wengi, na tuna kundi letu la simu. Sharti la kundi ni moja tu. Ukienda kuwinda, jioni unaleta ripoti: ulikwenda wapi, umeona nini, umepata nini. Ili wenzako wafaidike.

Wenzangu wafaidike! Hapo ndipo mimi na sharti tunapoachana njia.

Kwa sababu nina siri. Mteremko wa nyuma ya machimbo ya kokoto. Mwaka jana niliwaona kwale pale wakitembea kama wenye nyumba. Niliwakosa wote, lakini wapo. Niwatangaze ili Kinyozi awahi? Kinyozi! Ripoti zake watu wanazisoma kama barua za mapenzi. Umande ulivyokuwa, mbwa alivyonusa, ndege alivyoruka. Madole gumba yanamiminika. Ripoti yangu ya mwisho ilipata dole gumba moja, la shemeji yangu, na baadaye aliniambia simu ilimteleza mkononi.

Leo sikutoka hata getini. Shemeji ndiye mwenye gari na mbwa, na gari lilikuwa gereji. Lakini jioni niliandika ripoti vilevile. Niliandika kwamba nimepanda kilima cha mnara wa simu. Kwamba jua lilichomoza nyuma ya mnara kama sinia la shaba. Kwamba nimepata kwale wanne, na wengine nimewaacha kwa heshima ya msimu.

Kilima cha mnara! Mawe matupu na mbuzi wawili watatu. Kesho wote watakimbilia huko, nami nitabaki machimboni peke yangu kama mfalme.

Madole gumba hadi simu ikawa inatetemeka mezani. Sinia la shaba limewagusa.

Jumapili, 5 Julai

Machimboni. Mimi, shemeji na mbwa.

Kwale hakuna. Hata unyoya. Kuna tingatinga jipya, limeshakula nusu ya mteremko. Mbwa alinusa, akanitazama usoni, akaenda kulala chini ya gari. Shemeji akauliza kama hawa kwale wangu walikuwa wapangaji. Soli ya kiatu changu ikabanduka, nikarudi garini nikipiga makofi kwa mguu.

Sikuvunjika moyo. Kifo cha wengi harusi, nikajiambia. Wenzangu nao wameambulia mawe.

Nikafungua simu. Kanga! Kilima cha mnara kimejaa kanga! Wanashuka kwenye majabali kama wanafunzi waliosikia kengele ya mwisho. Kila mtu amepata. Kinyozi ameandika ripoti ndefu, na mwishoni kabisa: "Shukrani zote kwa Fundi Miwani, mtu asiyeficha neema."

Nilisoma maneno hayo mara kadhaa. Mtu asiyeficha neema. Nikatafakari, nikaona ni kweli, ndivyo nilivyo. Kama si mimi, wangefikaje pale?

Mwenyekiti wetu ni Mama Mkunga, mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya mji, na sijawahi kumwona akikosa ndege. Naye ameniandikia pembeni: hongera. Neno moja. Lakini la mwenyekiti!

Jumatatu, 6 Julai

Vita kundini!

Asubuhi Mwokaji, anayeoka mikate ya mtaa wetu, mtu mnene wa maneno machache, aliandika kwamba yule kanga mkubwa kwenye picha ya Kinyozi ni wake. Kinyozi akajibu kwamba kampiga yeye. Inavyoonekana walifyatua pamoja, mlio mmoja, ndege mmoja. Mwokaji akasema ndege huangukia upande wa aliyempiga. Kinyozi akasema hiyo ni sheria ya mikate, siyo ya ndege. Mwokaji akajitoa kundini. Akaomba kurudishwa aseme neno alilosahau. Akalisema. Akajitoa tena.

Hadi mchana kundi limepasuka. Wa wembe huku, wa tanuri kule. Mtu mmoja ameapa hatagusa mkate wa Mwokaji mpaka kieleweke. Mwingine amesema ni heri afuge nywele.

Ndipo Mama Mkunga akaingilia. Kanga akae kwenye friza yake hadi kesi iishe. Msuluhishi atakuwa Fundi Miwani, kwa kuwa ndiye aliyetuonyesha mahali, na siku ya tukio hakuwepo, hana upande.

Mimi!

Mke wangu aliposikia nimekabidhiwa kesi ya kanga aliuliza ni doti ngapi. Nikamweleza ni ndege. Uso ukamshuka, akarudi jikoni.

Nimekaa nikafikiri. Msuluhishi mzuri huwa makamu mwenyekiti. Makamu huwa mwenyekiti. Na kanga huwa mchuzi. Vyote hivi vipite mbele yangu, nami nimekunja mikono? Haiwezekani.

Jumanne, 7 Julai

Siku njema mno.

Mwokaji alikuja dukani mchana, unga hadi kwenye nyusi. Nikamketisha kiti cha wateja. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kanga ni wake, kila mwenye macho anajua, na macho ndiyo kazi yangu. Lakini mtu mkubwa humwachia mdogo. Akisema tu kwamba amemwachia, heshima yote itabaki kwake. Akafikiri. Akasoma ubao wa herufi hadi mstari wa tatu. Kisha akasema basi, nimemwachia.

Baadaye akaja Kinyozi. Nikamwambia maneno yale yale, neno kwa neno. Kitu kizuri unakibadilisha cha nini? Naye akanyoosha kola, akasema amemwachia mwenzake.

Tazama sasa! Mwokaji hamtaki, Kinyozi hamtaki. Ndege asiye na mwenyewe ni wa nani? Wa msuluhishi. Sheria iko wazi, nimeitunga mwenyewe.

Nimemwagiza mke wangu vitunguu.

Jumatano, 8 Julai

Kosa dogo. Nilisahau kwamba Mwokaji ana ndevu.

Kwa kuwa hakuwa na kinyongo tena, leo alikwenda kunyolewa. Kinyozi, kwa kuwa naye hana kinyongo, alimpokea kama mgeni rasmi. Wakaanza kusifiana ukarimu. Kila mmoja akataka kumweleza mwenzake alivyoguswa. Mwokaji akasema, unajua ndugu yangu, mtu mkubwa humwachia mdogo.

Wembe ukasimama hewani.

Haya nimeyapata kwa shemeji, aliyekuwa amekaa hapo hapo akingoja zamu. Anasema walitazamana kwenye kioo kitambo. Halafu Kinyozi akauliza pole pole: "Na huyo mdogo, Fundi alikwambia ni nani?"

Walifika dukani kabla sijawahi kushusha mlango. Mwokaji nusu ya uso ana ndevu, nusu hana. Nikawaambia watazame matunda ya kazi yangu. Juzi walikuwa maadui, leo wameingia bega kwa bega. Usuluhishi ni nini kama si huu? Kinyozi akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda.

"Fundi," akasema, "ripoti yako ilisema jua lilichomoza nyuma ya mnara."

Nikasema ndiyo, kama sinia la shaba.

"Mnara uko ukingoni, upande wa magharibi. Zaidi ya hapo ni korongo. Ili jua lichomoze nyuma yake, ulikuwa umesimama hewani."

Nikasema mambo ya jua yanategemea mtu. Akasema vizuri sana, Jumamosi utatupeleka utuonyeshe uliposimama. Kundi zima. Na Mama Mkunga.

Nimemwambia mke wangu vitunguu vinaweza kusubiri.

Alhamisi, 9 Julai

Nimeanza kuugua. Nilikohoa mara ya kwanza wakati wa chai. Mke wangu akasikiliza, akasema hicho kikohozi kinaanzia kwenye meno.

Alasiri akaja Mama Mkunga, skrubu ya miwani yake imelegea. Nikaikaza. Hakutaja kanga wala jua. Alikaa akitazama mtaa, mkono juu ya goti lake bovu, halafu akasema kitu ambacho hakikuwa swali.

"Unajua, Fundi, mimi siku hizi goti langu linapanda vilima kwa maneno ya watu. Mtu akisema nyuma ya kile kilima kuna ndege, napanda. Siku maneno yakiwa bure, nitakaa nyumbani."

Akashukuru, akaondoka akichechemea. Nikashikwa na kikohozi, safari hii cha kweli. Nikanywa maji, kikapita. Kikarudi. Nikanywa tena.

Jumamosi, 11 Julai

Tulipanda. Mimi mbele, kundi zima nyuma yangu, kama watu waendao kusikiliza hukumu. Mbwa tu ndiye aliyekuwa na furaha. Huku nyuma bunduki zililia mara kadhaa. Kanga bado wamejaa, hilo halina ubishi. Mimi sikufyatua hata mara moja. Nilikuwa natafuta jiwe.

Karibu na mnara nikachagua moja lenye sura ya heshima. Nikasimama juu yake, nikasema hapa. Kinyozi akatazama jua, akatazama mnara, akatazama kivuli changu.

Mama Mkunga alikuwa wa mwisho kufika. Alikaa, akavuta pumzi hadi ikarudi yote. Kisha, mbele ya watu wote, bila ukali:

"Fundi, umewahi kufika hapa?"

Nilikuwa na majibu manne tayari, mazuri. Nikalitazama goti lake. Nikasema hapana, Mama.

Upepo. Halafu sauti kama gunia linaloporomoka: Mwokaji anacheka! Anacheka tumbo zima. Akasema basi huyu angesema kweli, sisi tungekuwa bado tunazunguka mabondeni bila kanga hata mmoja! Wengine wakashindwa kujizuia. Hata Kinyozi alilazimika kugeuka akatazama korongo, mabega yakitikisika.

Mama Mkunga aliwaacha wachoke kucheka. Hukumu yake ikawa hivi. Kanga wa kesi apikwe leo hii uani kwake, aliwe na wote. Ndege wote, wa kesi na wa leo, atawanyonyoa msuluhishi. Na kuanzia sasa, ripoti bila picha si ripoti.

Nikanyonyoa! Mchana kutwa, kwenye kigoda, beseni la maji moto mbele yangu. Manyoya masikioni, manyoya kwenye chai. Kanga mwenyewe alikuwa mzee, mgumu kama mkanda. Kama si mikate ya Mwokaji tungelala njaa. Kinyozi akauma kitu, akatema chembe moja ya marisau, risasi za ndege, kwenye sahani, akainyanyua: ushahidi! Mwokaji naye akauma, akatema ya kwake. Wakazitazama chembe zile mbili, hazina tofauti yoyote. Mwokaji akamkatia mwenzake mkate.

Mke wangu naye alikuja. Alikaa na Mama Mkunga, wakawa wanacheka huku wananitazama, kwa zamu. Hakuna aliyesema nifukuzwe kundini. Kinyozi aliniwekea firigisi kwenye sahani. Nimerudi nimeshiba, vidole vinauma, moyo mwepesi. Watu wema sana hawa. Sitawadanganya tena.

Jumatatu, 13 Julai

Nimelitafakari lile sharti la picha. Ni sharti zuri. Mimi mwenyewe naliunga mkono.

Leo amekuja mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani kuchukua miwani yake. Katika mazungumzo nikamuuliza, kwa kupita tu, kama kweli shuleni wana kabati la ndege waliokaushwa. Akasema wanaye kwale mmoja, mzuri, miguu imara, amejazwa pamba kitaalamu. Haoni ubaya wa kuniazima kwa siku chache. Kasoro yake ni moja tu: jicho la kushoto lilidondoka zamani.

Jicho! Anamwambia nani? Fundi miwani!

Nimemweka kwale mezani jioni hii na nimemtengenezea jicho jipya kwa kipande cha kioo. Limekaa barabara. Nikimlaza kwenye majani, bunduki pembeni, umande kidogo wa kunyunyiza, hata Kinyozi atatoa dole gumba. Rangi imekuwa ya buluu kidogo. Lakini nani humtazama kwale machoni?