Tetemeko Ashika Namba Moja

Siku wimbo wake utakapotoka, Tetemeko aliwaambia watu, hospitali zitaishiwa vitanda! Wengine watazimia kwa raha, wengine kwa wivu, na watakaosalia watateguka viuno kwa kucheza.

Aliyasema hayo akiwa amejinyoosha kwenye kochi la dada yake, ambalo ndilo lilikuwa kitanda chake pia, huku akitafuna mkate wa shemeji yake uliopakwa siagi ya shemeji yake. Jina alilopewa na wazazi alikuwa amelitupa zamani. Kifua kilikuwa chembamba, kimejaa mistari kama ubao wa kufulia, lakini mdomo! Mdomo ule ungepanda basi peke yake, ungetozwa nauli.

Shemeji yake alikuwa na duka la rangi za nyumba. Ni mtu mpole, wa maneno machache, na siku hiyo yalimtoka yote.

"Shemeji, muziki ni kitu kizuri, sikatai. Lakini dukani kuna makopo yanasubiri mtu wa kuyapanga."

"Makopo? Mimi?" Tetemeko nusura apaliwe na mkate. "Sikiliza, shemeji. Nitasimama kwenye ukumbi mkubwa, watu watanipigia kelele mpaka paa lihame! Siku utakapozisikia hizo kelele, utaniomba radhi."

"Nikizisikia, nitaomba radhi mbele za watu. Nisipozisikia, utapanga makopo."

"Tupeane mikono!"

Wakapeana. Shahidi alikuwa dada mtu, aliyekuwa akizunguka sebule na mwanawe mchanga begani. Mtoto yule alikuwa analia. Tangu azaliwe alikuwa anadai kitu fulani ambacho hakuna mtu aliyejua ni nini, na hakuwa na mpango wa kusamehe deni.

Basi Tetemeko akaenda kurekodi. Studio yenyewe ilikuwa chumba cha kupanga cha rafiki yake, prodyuza, aliyesimamisha magodoro ukutani ili kuzuia sauti na kuivika maikrofoni soksi. Moja tu, ya pili ilikuwa mguuni. Wimbo uliitwa "Amkeni", na maneno yake yalikuwa ya kutisha:

"Amkeni, amkeni, Tetemeko nimeingia! Nikikohoa mji unahama, nikipiga chafya unarudi!"

Prodyuza akabonyeza kitufe. Tetemeko akavuta pumzi, mishipa ya shingo ikamtoka, akafungua kinywa.

"AMKENIIII!"

Akaamka mmoja. Chumba cha pili alikuwa anaishi mlinzi wa usiku, na mlinzi wa usiku hulala mchana. Mlango ulisukumwa, likaingia jitu lenye shuka kiunoni na rungu mkononi.

"Nani anayeniamsha?"

"Ni wimbo tu, kaka," Tetemeko alisema kutoka nyuma ya godoro. Hakuna aliyemwona alipofika huko.

"Imbeni, sijawakataza. Lakini nikiusikia tena, kiitikio nitakuja kuitikia mimi." Akalipapasa rungu lake kwa upendo, akarudi kulala.

Kuacha kulikuwa aibu, na kuendelea kulihitaji bima. Mwishowe Tetemeko akaimba kwa kunong'ona. Akatishia mji mzima kwa sauti ya mtu anayesoma dua mgonjwa akiwa amelala. Kila sauti ilipotaka kupanda, kitanda cha upande wa pili kililia kwiii, na sauti ikashuka yenyewe. Prodyuza naye akaziondoa zile ngoma nzito, akabakiza kinanda kimoja kilichokuwa kikienda taratibu.

"Usijali," alimnong'oneza. "Ukali nitauongeza kwenye mashine."

Aliuongeza kweli. Ikawa minong'ono mikubwa zaidi.

Wimbo ukapelekwa redioni, ukachezwa jioni moja kati ya matangazo ya vifo na bei za mazao. Tetemeko aliwasha redio ya sebuleni kwa sauti ya juu kabisa, akakunja mikono kifuani kama sanamu. Mtoto wa dada alikuwa katikati ya kilio kizito. Kinanda kikaanza. Mtoto akanyamaza, akasikiliza kwa makini kama hakimu. Ilipofika ile sehemu ya mji kuhama, akashusha pumzi, akalala.

Dada mtu akasimama pale pale, haamini.

"Umeona?" Tetemeko aliruka. "Amezimia kwa raha! Nilisema mimi!"

Wimbo ukaisha, mtoto akaamka, kilio kikaendelea pale kilipoishia.

"Rudia!" dada alimwambia. "Haraka!"

Tetemeko akapanua kifua, akaunguruma ubeti wa kwanza. Mtoto akalia mpaka akabadilika rangi.

"Siyo wewe! Ule wa redioni! Unao kwenye simu?"

Alikuwa nao. Dada akauchukua, na kabla jua halijazama alikuwa ameshawatumia wenzake wote aliojifungua nao wodi moja. Hao wakawatumia mawifi zao, mawifi wakawatumia majirani. Wimbo ukaenda kliniki na kurudi. Kinyozi mmoja aliufungulia kwenye kibanda chake, nusura amnyoe mteja sikio. Na mtangazaji wa redio hakupumua tena, alikuwa anasoma salamu tu.

"Huyu anasema tumrudishie 'Amkeni', ana mapacha. Na huyu naye anaomba kwa machozi, anasema mume wake ndiye aliyebaki zamu ya kubembeleza mtoto. Jamani, Tetemeko ameshika nchi!"

"Mapacha!" Tetemeko alitikisa kichwa. "Kizazi cha sasa kinazaliwa wawili wawili kwa ajili yangu."

Barabarani wanawake walimsimamisha na kumshika mikono. "Kaka, ubarikiwe," mmoja alimwambia huku machozi yakimlengalenga. "Jana nimekula chakula kikiwa cha moto." Mwingine akamwambia ameoga mpaka akamaliza sabuni mwilini. Tetemeko aliwaza kwamba umaarufu una mambo yake, na mashabiki huwa hawaeleweki, akawapa saini zake wote.

Ule wimbo ukaingia kwenye Kumi Bora. Ukampita yule wa magari ya kifahari, ukampita yule mwenye meno ya dhahabu, ukakaa namba moja na kujifunika shuka. Ndipo mwenye ukumbi mkubwa alipompigia simu.

"Onyesho ni Jumamosi, saa tisa alasiri."

"Alasiri? Mzee, nyota huwaka usiku!"

"Kijana, watu wako hulala mapema."

Hilo nalo Tetemeko hakulitafuna, alilimeza zima. Alikuwa na mambo ya kufikiria. Akanunua koti la ngozi na viatu vya minyororo, akakodi mashine ya moshi na wacheza shoo wanne. Akamwambia shemeji yake aje mapema, na aje ameandika ile radhi kabisa ili asibabaike.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulikuwa umejaa, ila viti vilikuwa vimeondolewa na mikeka kutandikwa. Tetemeko hakuona kitu kwa sababu ya moshi wake mwenyewe. Akaupasua ule moshi kwa mruko mmoja, akatua katikati ya jukwaa, akalitoa lile neno jinsi alivyotamani kulitoa tangu siku ya kwanza.

"AMKENIIIIIII!"

Wakaamka! Watoto mia kadhaa, wote kwa pamoja, wakajibu kwa kilio kilichofanya taa zitikisike. Moshi ukapungua, na Tetemeko akawaona: wanawake mpaka ukutani, migongo kwa migongo, na vifuko vya nepi, na akina baba wachache wameshika chupa za maziwa huku wamekodoa macho. Mwanamke wa mkeka wa mbele, aliyekuwa na pacha mmoja huku na mwingine kule, alikuwa amepata mkono wa tatu wa kuinua kandambili.

"Wewe kijana! Umetumwa? Imba kama redioni!"

Hapo ndipo akili ya Tetemeko ilipofika, imechelewa, inahema. Mapacha. Chakula cha moto. Saa tisa alasiri. Akakaa kwenye ukingo wa jukwaa. Aibu ilimchoma masikio. Alitaka kukimbia, lakini yule mwanamke alikuwa bado anamtazama, macho yamezama kwa uchovu, midomo imekauka, na kandambili bado iko juu. Tetemeko akamhurumia, kweli kabisa. Akamfanyia ishara prodyuza, kinanda kikaanza, naye akanong'ona.

Walilala watoto kwanza. Kisha mama zao, mmoja mmoja, mkeka hadi mkeka. Mwenye mapacha alilala na kandambili mkononi. Wacheza shoo wanne walijikunyata karibu na mashine ya moshi, na mwenye ukumbi alianza kukoroma akiwa wima. Ubeti wa mwisho Tetemeko aliuimba polepole zaidi ya kwenye redio, bila kulazimishwa na mtu.

Wimbo ukaisha. Akasubiri. Ukumbi mzima ulikuwa unapumua, basi. Akanyanyua mikono miwili kuomba makofi, na bibi mmoja, pekee aliyekuwa macho, akaweka kidole mdomoni.

Akateremka jukwaani. Minyororo ya viatu ikalia chwaa, kitoto kimoja kikajigeuza. Akavivua, akavibeba kwapani, akatoka kwa ncha za vidole katikati ya mikeka, akiruka vichwa na vifuko vya nepi, mtu namba moja katika nchi nzima.

Mlangoni alimkuta shemeji yake amesimama, mtoto amelala fofofo begani.

"Hongera, shemeji," alinong'ona yule bwana, na macho yake yalionyesha anamaanisha. "Sijawahi kuona kazi kama hii. Ila kelele sikuzisikia."

"Na zile za mwanzoni?" Tetemeko alinong'ona naye.

"Zile zilikuwa za kukukimbia. Jumatatu, makopo."

Tetemeko akavuta pumzi, mishipa ya shingo ikamtoka, akafungua kinywa ili ajibu kama mtu namba moja anavyopaswa kujibu. Mtoto akasogeza kichwa na kukunja uso. Baba mtu akamtazama Tetemeko.

Pumzi ikatoka polepole, kupitia puani.

"Saa ngapi?" akanong'ona.