Kibuyu cha Angani

Jumanne, 5 Desemba 1995

Mvua tangu alfajiri. Asajile, mwanangu, kaja kutoka kambi ya chai, kaloa mpaka soksi. Kala, kanywa chai, ndipo akasema alichotumwa na mkewe. Januari shule zinafunguliwa. Tulia, binti yao, anaingia darasa la tatu. Hawezi kuendelea kukaa wiki hapa kwangu Masukulu, wiki Kyimo kwa bibi mzaa mama. Akae sehemu moja. Abaki hapa mpaka Krismasi; siku hiyo tutakutana wote, na Tulia mwenyewe ataulizwa anataka wapi.

Nikamwambia mtoto wa miaka tisa haulizwi, anaambiwa. Akasema nyakati zimebadilika, mama. Nyakati! Tangu maduka yajae vitu kila mtu anachagua. Sasa na mabibi tunachaguliwa kama viatu vya mitumba.

Bibi wa Kyimo ni Felista, mkwe mwenzangu. Mwanamke mzuri, sina neno naye. Isipokuwa ana majivuno, anapika ndizi hazijaiva, na mpwa wake kamletea televisheni kutoka Tunduma. Inakula betri ya gari. Inaonyesha chenga tupu, maana mawimbi hayajafika Kyimo, lakini jioni majirani wanakaa mbele yake wanangoja.

Mimi nina redio. Redio haitoshi. Tulia haondoki hapa.

Alhamisi, 7 Desemba

Nimegundua mtoto anapenda nini. Ukuta wote wa nyuma wa choo kauchora kwa mkaa. Nikauliza ni samaki? Akasema ni vyombo vya angani, Bibi, vinavyobeba watu kwenda kwenye nyota. Aliviona kwenye kibanda cha video pale Tukuyu mjini.

Nikaenda mjini kumtukana mwenye kibanda, kwamba anaharibu watoto. Akasema kaa kwanza uone, Bibi, ndipo utukane. Nikakaa. Nikakaa mpaka mwisho.

Hadithi haina maana. Watu wamevaa nguo za kubana, wanarushiana moto wa kijani, na hakuna anayelima. Lakini hicho chombo! Kilipita gizani taratibu, madirisha yote yanawaka, kama kiwanda cha chai kimeng'oka ardhini na mashine zake kinakwenda zake.

Nikasahau kutukana. Nitarudi siku nyingine.

Mpango: nitamtengenezea Tulia chombo chake, chenye taa ndani. Kwa siri. Siku ya Krismasi, akiulizwa tu, nakiwasha. Felista na chenga zake watanyamaza.

Jumamosi, 9 Desemba

Mwili wa chombo: kibuyu changu kikubwa cha maziwa. Miguu: mianzi. Mabawa: debe la mafuta, nimelikata kwa panga. Madirisha nimetoboa kwa msumari wa moto na kuyaziba kwa karatasi za pipi, nyekundu na njano. Kazi safi. Mtu angesema kimetoka ng'ambo.

Imebaki taa. Nikaenda kwa Lazaro, fundi redio. Akasema yeye hafundishi watu. Sikumwomba anifundishe. Nikaomba nikae kwenye benchi lake mpaka mvua ikatike. Mvua ya Tukuyu! Kufika saa nane kachoka kunitazama, kaanza kunieleza. Akataka kunichorea. Nikamwambia baba, shule sikuiona hata mlango, herufi nimezipata ukubwani kwenye kisomo, michoro haikufika. Basi akanionyesha kwa waya zenyewe.

Balbu ya tochi ni mpole, ukiunga waya mbili kwenye betri inawaka. Ila kuna taa nyingine ndogo, nyekundu, ile ya mbele ya redio. Hiyo ina maringo. Inawaka waya zikikaa upande inaoutaka. Ukizigeuza inakutazama tu. Akasema taa hiyo inatolewa kwenye redio mbovu. Nikauliza, na kwenye redio nzima? Akacheka sana.

Mimi sikuwa nacheka.

Jumapili, 10 Desemba

Taa nyekundu imetoka redioni. Kutoka imetoka vizuri. Redio nayo imenyamaza.

Saa ya matangazo ya vifo Amoni akaja na kigoda chake. Ni jirani yangu, mzee wa kwaya, hajakosa tangazo hata moja tangu azike mkewe. Akakaa. Akauliza mbona kimya. Nikamwambia leo hakuna aliyekufa, nchi nzima. Akavua kofia, akamshukuru Mungu, akarudi kwake.

Jumanne, 12 Desemba

Amoni kajua. Jumapili walikufa watu, tena mmoja ni mwimbaji mwenzake wa Kiwira, kazikwa jana bila yeye. Kaja kunifokea mlangoni. Kasema miaka yote hii ananiita dada, kumbe dada mwenyewe anafufua watu. Nikamwomba radhi na kumpa mkungu wa ndizi. Akaupokea. Akasema atanisamehe zikiiva.

Jioni nikawasha chombo mara ya kwanza. Aibu! Balbu nilizipanga kwenye waya moja, moja nyuma ya nyingine, zikawaka kama macho ya paka mwenye usingizi. Na ule mwanga kidogo uliokuwepo kibuyu kikaumeza. Kibuyu cha maziwa mimi nakifukiza moshi tangu nilipoolewa. Ndani ni masizi matupu, meusi kuliko chungu.

Nikasikia mtu anacheka mgongoni. Tulia. Kumbe siri kaijua tangu Alhamisi.

Nikafikiri juu ya balbu. Nikakumbuka kimpumu. Pombe ya wazee, chungu kimoja katikati, kila mtu na mrija wake. Ungepitisha mrija mmoja kinywa hadi kinywa, wa mwisho angekunywa hewa. Tukaipa kila balbu waya zake mbili mpaka kwenye betri. Gwe! Zote macho!

Masizi tumeyapaka chokaa. Mkono wangu haupiti kwenye kibuyu, wa Tulia unapita. Basi yeye kapaka, mimi nikasema paka hapa, paka pale. Tumekitengeneza mimi.

Jumamosi, 16 Desemba

Betri zimechoka. Kila mtu anajua betri iliyochoka unaianika juani inapata nguvu. Jua liko wapi? Wiki nzima ukungu mpaka kwenye mboni. Nikazipanga kwenye mafiga, karibu na moto, kando ya sufuria ya maharage.

Moja imepasuka. Mlio kama bunduki. Uji mweusi kwenye maharage, kwenye ukuta, kwenye kilemba changu. Tumekula kwa Amoni. Ndizi zimeiva, kwa hiyo kanisamehe, ila kwenye sala ya chakula kamwomba Mungu anipunguzie akili.

Tulia kasema Bibi, tununue mpya tu. Nikamwambia asinifundishe mambo ya betri.

Tumenunua mpya.

Jumatano, 20 Desemba

Felista katuma salamu kwa mwenye lori la ndizi. Anamsalimu mjukuu wake, na fundi amekuja kumwinulia mlingoti wa televisheni. Sasa kwenye chenga inasikika sauti ya mtu.

Nikamjibu kwa lori hilohilo: ndaga fijo, asante sana, kwetu hapa hatujambo, tuna chombo cha angani.

Kisha nikajuta. Siri imetoka. Lakini nilijisikia vizuri mpaka jioni.

Jumapili, 24 Desemba

Kimekamilika. Tumefunga milango, tumezima kibatari. Tulia akaunga waya ya mwisho.

Sijui niandikeje. Madirisha yaliwaka yote, na ile taa ya redio mbele ikawa kama kaa la moto. Rangi za karatasi za pipi zikapanda ukutani, kwenye mitungi, kwenye uso wa mtoto. Akaninong'oneza kwamba ndani kuna watu, wanakula ugali. Nikachungulia. Nikasema yule wa dirishani ni marehemu babu yako, anatafuta kofia. Tukacheka mpaka kikohozi.

Hawezi kwenda Kyimo. Haiwezekani.

Jumatatu, 25 Desemba. Krismasi

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Walikuja baada ya ibada. Asajile na mkewe, Amoni, na Felista na kitenge kipya. Tukasalimiana kwa heshima zote, ugonile mkwe, ugonile. Tukala kuku. Asajile akakohoa, akasema sasa tumwulize mtoto. Nikasema ngoja kidogo. Nikafunga madirisha, nikatoa kanga iliyofunika chombo, nikawasha.

Felista mkono mdomoni.

Akasema, "Mkwe, tangu nizaliwe sijaona kitu kizuri namna hii."

Mbele ya watu wote. Sasa, mimi nimelelewa hivi: mkwe haondoki mikono mitupu, na akisifu kitu cha nyumba yako, unampa. Akisifu kuku, kuku anafungwa miguu. Mama yangu alimpa mkwe wake kitanda. Na sifa zile zilikuwa tamu, zilinilewesha. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Chukua, mkwe. Ni chako."

Vigelegele! Mke wa Asajile akalia kwa furaha, maana ni mama yake aliyepewa. Amoni peke yake akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe anaingia mtoni.

Ndipo Tulia akaulizwa. Akanitazama. Akamtazama Felista. Akakitazama chombo. Akasema waya ya taa nyekundu huwa inalegea, na Kyimo hakuna anayejua kuikaza. Basi yeye ataenda na chombo.

Wameondoka kabla ya mvua ya jioni.

Jumatano, 27 Desemba

Nimepika ndizi za watu wawili. Nimezila.

Nyumba ina nafasi kupita kiasi. Nimefagia nyuma ya choo. Michoro sijaifuta.

Amoni kaja na kigoda chake, tukakaa mbele ya redio isiyosema kitu, kama watu wa Kyimo. Nikamwambia sina shida, mtoto hajafa, kaenda kwa bibi yake. Akasema ndiyo, dada. Nikamwambia aache kunitazama hivyo. Akasema hanitazami. Akanifunikia moto, akaenda.

Nina mpango mpya. Kama mkwe akisifu anapewa, mimi nami si mkwe?

Jumamosi, 30 Desemba

Nimefika Kyimo juu ya lori la ndizi, nimevaa nguo za kanisani. Felista kakiweka chombo juu ya televisheni, kakitandikia kitambaa cha kufuma. Majirani wamejaa. Televisheni imezimwa, wanatazama kibuyu.

Nikanywa chai kwanza, nisionekane nina haraka. Kisha nikasimama katikati ya sebule nikasema kwa sauti, "Mkwe wangu, una chombo kizuri! Kizuri! Nchi hii hakuna kama hiki!"

Felista akaweka kikombe chini. Alijua. Kisha akasimama, akakizima, akakifunga kwenye kanga yake mwenyewe. Akasema, "Chukua, mkwe. Ni chako." Sauti ilikuwa ndogo.

Kugeuka, Tulia kashavaa viatu, furushi liko mkononi.

Felista alitusindikiza mpaka barabarani. Akanishukuru kwa kumtembelea. Akasema ugeni wa wakwe hulipwa, basi atakuja kunisalimia Jumamosi ijayo. Shule zinafunguliwa Jumatatu yake.

Njiani Tulia kaniambia bibi wa Kyimo alikuwa anaamka alfajiri kukiwasha, anakaa nacho peke yake kabla ya kwenda shamba. Tulia alimwonyesha watu wa dirishani. Felista alimwona marehemu dada yake. Tulia kasema tumtengenezee na yeye cha kwake, kibuyu tunacho, chokaa imebaki. Nikamwambia vikiwa viwili, wewe utakaa na kipi? Tukukate katikati? Akasema angeweza kututembelea wote. Mtoto hajui mipango.

Alhamisi, 4 Januari 1996

Asajile kapita. Kasema kachoka na safari hizi. Chombo kitakapolala Jumapili, hapo ndipo Tulia ataandikishwa, na maneno yaishe.

Amoni kaja na ushauri. Kasema dada, kipandishe darini mpaka Jumatatu. Felista akija mwonyeshe kuku, asifu kuku, aende na kuku. Tulia kasema hata mtetea yule mweusi angempenda. Kisha karudia tena habari ya kibuyu cha pili, keshakiosha.

Nimewaambia wote wawili hawanielewi. Nifiche chombo changu mwenyewe? Felista amekiona nini hasa? Alikiona kabla sijakipamba. Sasa nimekiongezea. Kwa Lazaro nimepata balbu za Krismasi zinazojizima na kujiwasha, tumezizungusha kiunoni kote. Juu nimeweka kifuniko cha sufuria kinang'aa kama mwezi. Betri mpya, hazijaona moto. Tulia kakiwasha jana, mbwa wa Amoni kabweka mpaka sauti ikamkauka.

Meza nimeisogeza mlangoni. Jumamosi ataanza kukiona tangu kule njiani, kwenye migomba, kabla hata ya kubisha hodi. Majirani nimewaalika.

Nataka nisikie atasema nini.