Kampeni Yangu Dhidi ya Miwa

Jumatatu, 2 Juni
Wiki hii naanza rasmi safari ya kuelekea uenyekiti. Uchaguzi wa jumuiya yetu ya kanisa ni tarehe 21, na hapa Nangara tuko wagombea wawili tu: mimi, Marcelino, kinyozi ninayeheshimika, na Wilbroad, muuza miwa. Muuza miwa! Hata kuandika inachekesha.

Jumamosi hii sala ya jumuiya ni kwangu. Nimepaka chokaa ukuta wa mbele. Wa nyuma hauonekani.

Kasoro moja tu. Scola wetu, darasa la kwanza, hatulii. Anajikuna makalio, na usiku anajigeuza mpaka dada yake Vailet analala ukingoni mwa kitanda. Mwalimu anasema anasinzia darasani. Nimemwambia mke wangu Ursula kwamba ni utundu tu. Ursula kaniangalia juu mpaka chini. Sipendi akiniangalia hivyo.

Jumanne, 3 Juni
Balaa! Asubuhi, kabla Scola hajaoga, Ursula kamkagua. Kisha kaniita. Minyoo! Wadogo, weupe, kama vipande vya uzi wa kushonea, na wanatembea. Nyumbani kwa mgombea!

Nilikaribia kukata tamaa. Halafu, nikiwa napiga mswaki, nikapata wazo. Minyoo huletwa na sukari, kila mtu anajua. Na ni nani anayewalisha watoto wa Nangara vitu vitamu kutwa nzima? Wilbroad! Nimefurahi mpaka nimemeza povu.

Jumatano, 4 Juni
Kampeni imeanza. Kila kichwa kilichokaa kwenye kiti changu kimesikia habari za miwa na minyoo. Jina sikutaja. Nimesema tu miwa ya kwenye toroli la bluu.

Mchana kaingia Wilbroad mwenyewe, anataka kunyolewa ndevu. Kaniuliza kama ni kweli nasema miwa ina minyoo. Jasho! Nikamwambia nilikuwa nasema miwa inayotoka kijiji cha Bonga. Kanishukuru sana. Kumbe hata yeye hana imani na miwa ya Bonga. Kaniachia vipande viwili vilivyomenywa, kimoja cha Vailet, kimoja cha Scola. Nimekula vyote mwenyewe, kuwalinda watoto. Vitamu kweli.

Alhamisi, 5 Juni
Ursula kampeleka Scola zahanati bila kuniaga. Kamkuta nesi Romana, aliyehamia mtaani kwetu mwaka jana, na sasa nyumba yangu ni kambi ya jeshi. Dawa ya kutafuna, watu wote wa nyumba, siku moja, hata asiyejikuna. Baada ya wiki mbili, tena, kwa sababu dawa inaua minyoo, mayai inayaacha. Kucha fupi. Mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kula. Kulala na chupi, kuoga kila asubuhi, kufua mashuka na nguo za kulalia.

Nikasema minyoo ni ya watoto, mimi ni mtu mzima. Ursula kasema minyoo hawaombi kitambulisho, kisha kaniwekea kidonge mkononi. Nikakitia mdomoni mbele yao, nikazunguka nyuma ya banda la kuku, nikakitema. Mwenyekiti mtarajiwa hatibiwi minyoo.

Ijumaa, 6 Juni
Mbinu ya usafi. Nimechukua mashuka ya watoto kabla hayajafuliwa, nikayakung'uta mbele ya nyumba, kwa nguvu, majirani waone kwamba nyumba hii haina mchezo. Mama Praygod kasimama kutazama. Nikakung'uta zaidi.

Ursula katoka mbio, kaninyang'anya. Eti mayai ya minyoo hayaonekani kwa macho, na kukung'uta ni kuyarusha kila mahali mpaka kwenye vyombo. Nikamwambia kama hayaonekani, basi hata Mama Praygod hajayaona. Jibu lake lilikuwa beseni, sabuni na mashuka yote ya nyumba. Nimefua mpaka jua limezama. Mgombea!

Jumamosi, 7 Juni
Siku ya aibu. Naandika kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Sala ilikwenda vizuri. Wakati wa matangazo nikasimama. Nikasema, kwa uchungu wa mzazi, kwamba minyoo wanaingia mtaani kwa njia ya miwa, na kwamba jumuiya inahitaji kiongozi asiyeogopa kulisema. Wilbroad akavua kofia, akaishika magotini. Sikumtazama.

Nesi Romana akanyoosha mkono. Sikujua kama yupo! Alikaa nyuma ya mlango. Kasema kwa upole kwamba sukari haileti minyoo hawa. Mtoto anajikuna, mayai yanabaki kwenye kucha, yanaingia mdomoni, yanabaki kwenye shuka na kwenye kitasa cha mlango, na mwingine anayaokota. Hata nyumba safi hupata. Mzee Anselimu akauliza, sasa hiyo nyumba yenye minyoo ni ya nani?

Scola akasimama, mikono nyuma, kama anakariri shairi shuleni. Kasema ni sisi! Mama kala dawa, dada Vailet kala, yeye kala na ni tamu. Baba katema nyuma ya banda, kuku kadonoa.

Walicheka mpaka Mzee Anselimu akaegemea ukuta, akaondoka na chokaa yangu mgongoni. Kisha Wilbroad akasema, bila kuficha, kwamba hata mwanawe wa mwisho anajikuna na yeye alikuwa anaona haya kusema. Mama Praygod akasema hata wa kwake. Na mwingine, na mwingine. Wote wakamzunguka Romana. Mimi nikabaki na birika la chai.

Alhamisi, 19 Juni
Najikuna. Nimeshaandika, basi.

Wiki nzima nimekuwa nikijisugua kwenye fremu ya mlango wa saluni, nikijifanya nanyoosha mgongo. Mteja mmoja kanihurumia, kaniletea mafuta ya kuchua. Nimeyapokea.

Jioni Scola kaniona. Hakucheka. Kaniuliza polepole kama na mimi huwa nalia usiku, kama alivyokuwa analia yeye, na kama Mama huwa ananishika mkono. Sikujua kama alikuwa analia. Nilikuwa nimelala chumba cha pili, nakoroma, naota uenyekiti. Imeniuma, sitadanganya.

Leo ilikuwa siku ya dozi ya pili ya wenzangu, na ya kwanza ya kweli kwangu. Nimetafuna kidonge chote mbele yao. Scola kakagua mpaka chini ya ulimi. Vailet kanikata kucha, na nyama kidogo.

Jumamosi, 21 Juni
Wilbroad kashinda. Mimi nimepata kura moja, na mwandiko naufahamu, ni wangu. Nimemuuliza Ursula. Kasema kura ni siri.

Mwenyekiti mpya kanikumbatia mbele ya watu na kunishukuru kwa kuleta mada ya minyoo. Kisha kanipa kazi ya kufunga vibuyu chirizi, vile vidumu vya maji vya kuning'iniza, kwenye vyoo vya wanajumuiya, watoto wanawe mikono. Nimekubali. Mtu akikuonea huruma hadharani utafanyaje?

Alhamisi, 3 Julai
Vibuyu vyote vimefungwa. Scola analala usiku kucha, na mwalimu anasema siku hizi ndiye anayesoma kwa sauti kubwa kuliko wote. Nimefurahi mpaka nimemnyoa mwalimu bure.

Leo ni siku ya kidonge changu cha pili. Ursula kaenda shamba Mutuka. Kaniachia kidonge kwenye kisosi, na Scola kama mlinzi.

Nimefikiri kisomi. Sijikuni. Kwa nini nimalize dawa nzima kwa minyoo ambao hawapo? Nikakipasua kwa wembe. Nusu nimeitafuna mbele ya Scola. Kaona nikitafuna, kanipa alama ya vema mkononi kwa kalamu, kaenda kucheza.

Nusu ya pili nimeifunga kwenye karatasi, iko kwenye droo ya saluni. Siku Wilbroad akijikuna mbele ya watu, nitamkabidhi hadharani, kwa unyenyekevu, na uchaguzi wa marudio hautakuwa mbali.

Mimi nusu inanitosha. Minyoo wangu walikuwa wa mtu mzima. Hawahitaji kuambiwa mara mbili.