Milango Minane ya Kabati na Baba Mkwe Seremala

Leo nimeaibika. Si aibu ndogo ya kusahau kufunga zipu. Nimeaibika mbele ya wakwe, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mchana peupe, kuku akichemka jikoni.

Niwaeleze kutoka mwanzo, kwa sababu mwanzoni nilikuwa sawa kabisa.

Tunaishi hapa Majimbo, Embu, mimi na mke wangu Kawira. Nyumba ni nzuri lakini jikoni kulikuwa kumechoka. Milango ya kabati ilikuwa imefura kwa mvuke. Mmoja uling'oka bawaba, nikaushikilia kwa kipande cha tairi ya baiskeli (ubunifu wangu, asanteni). Ule wa chini ya sinki ukiuvuta ulikuja mzimamzima mkononi. Kawira alivumilia miaka minne. Kisha akaniambia wazazi wake wanakuja kutoka Ruiri kututembelea, mara ya kwanza tangu harusi, na hataki mamake aione ile tairi.

Sasa, baba mkwe wangu, Mzee Kirimi, ni seremala. Amezeekea kwa mbao. Alinipigia simu mwenyewe.

"Kijana, nipe vipimo nikuletee milango."

"Hapana Mzee, hiyo ni kazi ndogo. Nitafanya mwenyewe."

Mzee akasema, "Haya."

(Ningeisikiliza vizuri hiyo "haya," saa hii singekuwa naandika.)

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kutwa nafundisha nguvu, msuguano na nyenzo. Mlango wa kabati utanishinda vipi? Nikatazama video tatu kwenye simu. Nikapima, nikakatiwa mbao pale town, nikanunua bawaba, vishikio vya kung'aa na rangi nyeupe ya mafuta. Wiki nzima nikitoka shule nilikuwa nashika drili. Milango minane! Na ilikaa sawa, tusidanganyane. Niliweka pimamaji juu yake, na kile kipovu cha hewa kikatulia katikati kama mtoto aliyeshiba.

Kulikuwa na shida moja tu. Skrubu ndefu zilikuwa zinatokea upande wa pili wa mbao. Nikaweka fupi. (Fupi kiasi gani? Tutafika huko.)

Leo asubuhi nikaona rangi si nyeupe vile nilivyotaka. Nikapaka tena milango yote, na sikubania. Ilipofika saa nne nikagusa kwa kidole. Imekauka! (Niligusa mahali pamoja. Pale jua linapopiga.) Nikamwambia Kawira apange vyombo. Akaingiza kila kitu: sahani, glasi, vikombe vya chai, hadi vikombe vya plastiki. Tukafunga milango, tukarudi nyuma hatua mbili, tukaangalia. Jikoni kulikuwa kunameta. Kawira akanikumbatia.

"Kumbe unaweza!"

Hiyo "kumbe" nayo niliiacha ipite.

Saa saba wageni wakafika. Mama mkwe na gunia la viazi, Mzee na koti lake la kanisani.

"Muuga!" nikawasalimia kwa Kimeru chao.

"Muuga mono!" wakaitikia.

Hata sikuwaacha wakae. Niliwapeleka jikoni moja kwa moja, nikanyoosha mkono kama mtu anayezindua barabara.

"Hii yote nimefanya mwenyewe."

Mama mkwe akapiga makofi. "Kawira, Mungu amekupa mwanaume wa kazi!"

Mzee alisogea, akagonga mlango mmoja kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua.

"Umetumia skrubu gani?"

"Za kutosha, Mzee."

"Haya."

Tukaenda sebuleni. Kati ya sebule yetu na jikoni hakuna mlango, kuna pazia tu. Mzee akaomba, tukasema amina, habari za ng'ombe na mvua zikaanza. Mama mkwe akafungua mkoba akatoa tembe.

"Mwanangu, niletee maji kidogo ninywe dawa ya presha."

Kawira akataka kuinuka. Nikamzuia kwa mkono. "Keti. Leo nawahudumia mimi."

Nikaingia jikoni nikipiga mluzi. Nikashika kishikio. Nikavuta.

Hakuna.

Nikavuta tena. Mlango ulikuwa umeshikana na fremu kama umepigwa gundi. Nikajaribu wa pili. Wa tatu. Yote minane! Ile rangi haikuwa imekauka hata kidogo. Ilikuwa inangoja nifunge milango ndiyo ikaukie hapo hapo. Na kila kikombe cha nyumba hii kilikuwa ndani. Maji ninayo kwa mfereji, pa kuyaweka sina. (Nilifikiria sufuria. Lakini niliyokuwa nayo nje ni moja, na ndani yake kulikuwa na kuku.)

"Kuna shida?" Kawira akauliza kutoka sebuleni.

"Hakuna! Nasuuza glasi!"

Nikafungua mfereji ili kelele za maji zinitolee ushahidi. Nikachukua kisu, nikajaribu kupitisha kwenye mwanya. Kisu kikateleza, nikajipaka rangi hadi kwenye kiwiko. Sauti ya Mzee ikapita kwenye pazia, taratibu kabisa:

"Mwalimu, hayo maji umeenda kuchota mtoni?"

Jasho likanitoka. Nikajiambia, tulia, wewe ni mtu wa sayansi. Nguvu haitoshi? Ongeza nguvu. Nikaweka mguu mmoja juu ya kaunta, nikashika kishikio kwa mikono miwili, nikaegemea nyuma. Moja. Mbili.

Traaaa!

Hiyo ilikuwa suruali. Kutoka kwa mshipi kushuka chini, bila kituo. Kabla sijapata nafasi ya kusikitika, zile skrubu fupi zikaachilia zote kwa pamoja. Mlango ukatoka, nami nikatoka nao. Tukapita kwenye pazia, tukabeba pazia na fimbo yake, tukatua katikati ya sebule. Chali. Mlango kifuani, pazia kichwani, miguu juu, na boksa yangu yenye picha za mananasi (zawadi ya dada yangu, sikuchagua) ikiwaelekea wazazi wa mke wangu.

Mfereji ulikuwa bado unamwaga maji.

Mama mkwe aligeuza uso akaiangalia kalenda ukutani, kwa makini, kama anayetafuta siku ya harusi yetu ili aifute. Halafu nikasikia kitu kinabiringika kutoka jikoni. Kikombe cha plastiki, cha kijani. Kilikuja polepole, kikapita sikio langu, kikagonga kiatu chake, kikasimama. Akainama, akakiokota, akakifuta kwa leso, macho bado kwenye kalenda.

"Kikombe nimepata," akasema. "Sasa maji."

Kawira alikimbilia chumbani. Alisema anatafuta sindano na uzi. Alicheka hadi majirani wakaja kwenye ua kuuliza kama kuna msiba.

Mzee akasimama. Akavua lile koti lake la kanisani, akanifunika kiunoni. Kisha akakunja mikono ya shati.

"Lete bisibisi. Na wembe."

Basi nilishinda mchana wa leo nikimshikia baba mkwe wangu milango, nimejifunga koti kama shuka. Alipitisha wembe pembeni ya kila mlango, akagonga kidogo kwa kiganja, mlango ukafunguka. Aibu nyingine hiyo! Ilikuwa rahisi vile. Akatoa skrubu zangu zote, akazitazama mkononi, akauliza kama nilikuwa natundika picha.

Tulipofika mlango wa sita akaanza kucheka peke yake.

"Mlango wangu wa kwanza ulikuwa wa nyumba ya pasta," akasema. "Niliutundika ukafungukia nje. Siku ya kuubariki, pasta akiwa amesimama pale anaomba, mtu akatoka ndani. Nilimvunja pasta pua."

"Ukafanya nini, Mzee?"

"Nilihamia upande wa akina mama kanisani, nikakaa nyuma kabisa, miezi miwili. Halafu nikarudi nikaurekebisha." Akachukua futi yake, akapima mlango, akapima fremu, akapima tena. "Vipimo vyako ni sahihi, kijana. Sana."

Mmesikia? Sahihi. Sana. Amesema seremala. Hayo mengine yote yalikuwa rangi, skrubu na suruali. Akili ilikuwa sawa.

Mama mkwe alikunywa dawa yake, presha iko chini. Yangu ndiyo sijapima. Kwa hivyo naomba kitu kimoja: mtu asicheke. Na kama ni lazima, usinipigie simu ili unicheke, kwa sababu kuta za hapa ni nyembamba na hawa wageni wanaondoka Jumatano.