Mkaguzi wa Maturubai

Siku vita vilipoingia Goma, kila mtu alibeba alichoweza. Mmoja alipita na kiti cha ofisi kichwani, mwingine na friji juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, na bwana mmoja mwenye heshima zake alionekana akikimbia na mlango mtupu, nyumba hana. Aubin Mulumeoderhwa alibeba muhuri.

Aliuokota katika ofisi moja ya ukaguzi ambayo kazi yake, kisheria, ilikuwa kuhakikisha mali ya msaada haigeuki mali ya mtu. Kidau cha wino kilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Miaka kumi na mmoja ofisi ile ilikuwa imekagua kalenda ya ukutani, na wakubwa wake walipopanda boti kukimbia hawakugeuka hata kutazama wameacha nini. Waliokuja baada yao nao walikagua, lakini mifuko ya watu tu. Kati ya waliokimbia na waliofika, mnyonge alibaki hana wa kumlilia, na inaudhi kwamba hakuna aliyeona haya.

Aubin hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa na suti moja ya kijivu, viatu viwili vinavyong'aa, na sauti ya padri aliyeshiba. Alikuwa muumini wa Kifungu cha Kumi na Tano, kile ambacho hakimo katika katiba yoyote lakini kila Mkongomani anakijua kwa moyo: jitafutie mwenyewe.

Fursa ilimkuta Jumatatu asubuhi, katika baa ya mtaa wa Mapendo, mbele ya sahani ya maharage ya mkopo. Mwanamke wa meza ya pili alikuwa analalamika.

"Bashi moja, dola makumi ine! Na iko ya bure, ya msaada! Ule Papa Barthélemy hana roho."

Aubin aliacha kutafuna. Bashi, yaani turubai, ndiyo ilikuwa dhahabu ya mji msimu ule wa mvua. Mabati yalikuwa yametobolewa na risasi, na waliofukuzwa kwenye kambi walijibanza mtaa wa Ndosho katika vibanda vya magunia. Barthélemy, mfanyabiashara wa mtaa wa Himbi, alikuwa amenunua maturubai mia mbili kutoka kwa waliovunja bohari za msaada, kila moja dola tano. Yalikuwa yameandikwa kwa lugha tatu kwamba hayauzwi. Barthélemy aliyasoma maandishi hayo, akapandisha bei. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na kunguru huyu alikuwa na jenereta na ghorofa linalotazama ziwa.

Saa nne Aubin alikuwa mlangoni pa depo, yaani ghala, ya Barthélemy, Ndosho, na karatasi ya kutumwa kazi yenye mihuri saba. Yote saba ilikuwa muhuri uleule, umegeuzwa kila upande.

"Papa Barthélemy? Ukaguzi. Hii njo ordre de mission."

"Ukaguzi?" Barthélemy alimtazama kuanzia viatu hadi juu. "Batu ya ukaguzi si balikimbia?"

"Banarudi. Mimi ni wa kwanza."

Barthélemy alimpa mkono, na ndani ya mkono mlikuwa na noti ya dola ishirini iliyokunjwa vizuri. Aubin aliirudisha kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha panya kwa mwenyewe. Hapo Barthélemy alianza kutoka jasho. Katika miaka yake yote ya biashara hakuwahi kuona jambo la kutisha hivyo. Mkaguzi anayepokea ishirini ni jirani. Mkaguzi anayekataa ishirini ni msiba.

Bila haraka, Aubin alifunga mlango, akapaka utepe wa karatasi uji wa muhogo, akaubandika kati ya mbao mbili, akaugonga muhuri. Kabla ya hapo alikuwa ametoa maturubai matatu na kuyapakia kwenye pikipiki ya kukodi.

"Hii ni échantillon, ya kupima," alisema. Kisha akamgeukia mlinzi, Twizeyimana, mtu mrefu mwenye bunduki ya zamani na maswali machache, akamwonyesha muhuri. "Chef, sikia muzuri. Kitu iko na hii cachet, unaiheshimu. Kitu haina, unakatala. Hata kama ni patron."

"Njo vile, fanya vile," Barthélemy aliitikia upesi.

Ndipo Aubin akamshika bega, akamvuta pembeni, akaanza kumvisha kilemba cha ukoka.

"Papa, mimi siko mutu mubaya. Naona weye ni mutu ya akili. Kuko organisation moja ya Nairobi inarudishia feza batu ya biashara bale baligawa bashi. Dola makumi saba kwa kila bashi. Inaomba tu liste ya batu, na alama ya kidole, na certificat yangu."

"Lakini mi sikugawa."

"Nani anasema uligawa? Niliongea liste."

Barthélemy alifikiri. "Na bashi?"

"Zinabaki mu depo. Unauza tena."

Mtu aliyejaa uchu wa fedha ni rahisi kumsoma. Barthélemy alicheka hadi akashika tumbo. Hiyo certificat, cheti cha Aubin, ilikuwa dola elfu mbili. Hata hivyo hakuwa amezaliwa jana, akaweka sharti lake.

"Feza utaona Vendredi, siyo leo. Ulete batu hapa, bashike bashi mu mikono, tupige picha. Njo organisation itaamini. Kisha banarudisha, minakupatia enveloppe."

Sharti hilo la Ijumaa alilitoa mwenyewe, kwa kinywa chake. Tulikumbuke.

Jumanne Aubin alisimama kwenye kona ya Ndosho, juu ya yale mawe meusi ya volkano, akafungua daftari. Goma huhitaji kupiga kengele. Fungua daftari mbele ya waliokimbia vita, toa kalamu, na mstari utajipanga wenyewe. Alipofika jina la nne, watu walikuwa sitini. Walikwisha kuandikwa kwa ajili ya maharage, kwa ajili ya sabuni, kwa ajili ya kurudi makwao. Walikuwa wameandikwa mara nyingi kuliko walivyokula.

Mbele ya mstari alifika Mama Donatille, wa milima ya Masisi, aliyekimbia vita mara nne na kuongoza vibanda vya upande ule. Binti yake Héritière alikuwa amejifungua siku tisa zilizopita chini ya paa la magunia ya chumvi. Mvua ilikuwa inamnyeshea mtoto kitandani, na kifua chake kilikuwa kimeanza kukoroma. Wiki iliyopita mama huyu alikwenda kwa Barthélemy kumwomba turubai moja, alilipie kidogo kidogo. Barthélemy alimjibu, "Mama, mvula haiko yangu."

"Papa, weye ni wa wapi?" Donatille alimuuliza Aubin.

"Wa serikali, mama."

"Ile gani?"

Aubin alifungua kidau cha wino. Akamsogezea daftari.

"Tia kidole hapa, mama."

"Jetoni iko wapi?"

"Jetoni ya nini?"

Mstari mzima uligeuka kumtazama. Kwa watu hawa, kidole hakiingii kwenye wino mpaka mkono wa pili umeshika jetoni, kile kikaratasi kigumu chenye namba na muhuri ambacho mtu huonyesha siku ya kupokea. Asiye na jetoni hakuandikwa, hata kama jina lake liko juu ya daftari. Nyuma walikwisha kuanza kuondoka, na Ijumaa ilihitaji vidole mia mbili.

"Mama, ninyi munapenda papier sana," Aubin alisema huku akitabasamu.

"Njo karatasi tunakulaka, Papa."

Akaona si kitu. Karatasi ngumu ya maboksi ya biskuti, bei yake nini? Donatille aliikata vipande kwa wembe. Aubin akaandika majina, Donatille akaandika namba na kugonga muhuri, mara mia mbili bila kupumzika. Namba ya mwisho aliiweka yake. Jua lilikuwa kali, kidole cha Aubin kilikuwa kimevimba kwa kalamu, na alipofunga daftari hakukumbuka kuhesabu vitu vilivyomo kwenye mkoba wake.

Ijumaa walifika wote kabla ya mwenye depo, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda misa. Barthélemy alikuja na bahasha kwapani. Utepe ulibanduliwa upande mmoja kwa taratibu, maturubai yakatoka, yakagawiwa mikononi. Aubin alitoa hotuba fupi juu ya utu, iliyomgusa hata yeye. Mpiga picha akapiga. Watu wenye simu nao wakapiga.

"Muzuri sana," akasema Aubin. "Sasa murudishe mu depo, taratibu."

Hakuna aliyerudisha. Mzee wa kwanza alimwendea Twizeyimana na jetoni yake. Mlinzi aliitazama jetoni, akautazama utepe wa mlangoni, akaitazama tena jetoni.

"Cachet ni moja. Pita."

"We Twizeyimana!" Barthélemy aliruka. "Unafanya nini?"

"Patron, mulisema kitu iko na hii cachet, minaiheshimu. Hata kama ni patron." Akanyoosha shingo. "Inspecteur, soma majina, batu bapite moja moja."

Barthélemy alimgeukia Aubin, macho yamemtoka. "Sema kitu!"

Aseme nini? Akisema jetoni ni za uongo, basi muhuri ni wa uongo, na utepe, na certificat, na Aubin mwenyewe. Naye Barthélemy, angepiga kelele kwamba mali ni yake mbele ya simu ishirini, na mali yenyewe imeandikwa kwa lugha tatu kwamba haiuzwi? Wote wawili walifanya kile ambacho wakubwa hufanya mbele ya kamera. Walitabasamu.

Donatille alipiga magoti mbele ya Barthélemy, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Papa Barthélemy, Mungu akuongezee! Ulituonea huruma!" Wanawake wakaanzisha wimbo wa shukrani wenye jina lake, kila ubeti. Aubin alisoma majina juani hadi saa saba, moja baada ya jingine, na alipokosea kutamka walimsahihisha.

Maturubai yaliisha kwenye namba mia moja tisini na saba.

"Papa, ile tatu ingine?" Donatille aliuliza kwa adabu zote.

"Uliza Inspecteur wenu!" Barthélemy alifoka. "Alibeba tatu siku ya kwanza, ya kupima!" Kisha akamshika Aubin tai, akamwambia kwa kunong'ona kwamba certificat anaweza kuila na chumvi. Bahasha ikaingia mfukoni mwake. Alimwamuru Twizeyimana amkamate.

"Patron," mlinzi alijibu kwa masikitiko, "mutu wa serikali siwezi."

Aubin alikwenda kukaa kwenye baa ya Mapendo, akanywa chupa moja ya deni, akapiga hesabu ya hasara. Yalibaki maturubai matatu chumbani kwake. Tatu mara arobaini, si haba; mwenye njaa hachagui. Alasiri, mawingu yameshuka, alirudi kwenye uwanja wa nyumba anakopanga chumba.

Mlango wake ulikuwa na utepe wa karatasi. Uji wa muhogo ulikuwa bado mbichi pembeni, na muhuri umegongwa wima, vizuri kuliko yeye alivyowahi kuugonga. Akafungua mkoba. Kidau kilikuwapo, muhuri haukuwapo.

"Papa, apana gusa!" mwenye nyumba alimpigia kelele kutoka mbali, wapangaji wote nyuma yake. "Serikali ilipita hapa!"

Hakuna mtu Goma yote aliyejua kuliko Aubin kwamba ile ni karatasi na uji. Alinyoosha mkono. Mkono ukafika katikati, ukarudi. Kuuchana mbele ya wale watu ilikuwa kuwaambia kwamba karatasi ni karatasi tu, na siku wakilijua hilo, yeye atakula nini?

"Bashi tatu zinakosa, Inspecteur."

Donatille alikuwa amekaa juu ya jiwe jeusi kando ya choo, mikono mapajani. Dereva wa pikipiki aliyeyabeba maturubai Jumatatu alikuwa namba hamsini na mbili kwenye daftari, na ndiye aliyemwonyesha chumba.

"Mama," Aubin alisema polepole, "ulijua tangu lini?"

"Tangu jetoni. Batu ya kweli, tukiomba jetoni, banaenda, tunaigombania miezi tatu. Weye ulitupatia siku ileile, bila kututukana. Nikasema, huyu ni mwizi." Akasimama. "Nikasema tena, afazali mwizi. Bale ya kweli, tulishabangoja sana. Fungua."

"Siwezi. Iko na cachet."

Donatille aliuchana utepe mwenyewe, kwa mkono mmoja, na uwanja mzima ukapumua. Aubin aliingia, akatoka na maturubai matatu begani, suti ya kijivu imejaa vumbi. Mawili Donatille aliwapa wenzake wawili waliokuwa wanangoja langoni, namba mia moja tisini na nane na tisini na tisa. La tatu alilikunja kwapani. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka juu ya mabati, na Ndosho ni mbali kwa miguu, na mtoto alikuwa anakohoa.

"Mama," Aubin alimfuata hadi langoni, sauti ya padri imemwisha. "Na cachet yangu?"

Muhuri ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya kitenge cha mama huyo, unaonekana umbo lake. Mama Donatille aligeuka, akamtazama vilevile alivyotazamwa yeye kwenye madirisha ya ofisi zote, katika vita vyote vinne.

"Uko na jetoni?"