Giga Nane za Nyumba ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Dada mkubwa anapasuliwa macho Jumatatu ijayo. Daktari haahidi kitu. Nimeamua: kabla ya hapo ataiona nyumba ya mama, ile tuliyoikimbia ujanani na ambayo hata picha yake hatuna. Nitaichora kwenye kompyuta, mtu aingie atembee ndani. Dada asiambiwe neno!

Binti yangu amekubali kuninunulia kompyuta mpakato. Muuzaji kasema cha kuangalia ni memori ya picha, ile inayozuia mchoro usikwame. Kwa nyumba moja giga nne zinatosha na kubaki. Shemeji, mume wa dada, alijialika dukani. Akasema yake ina giga mbili na haijawahi kumlalamikia. Mbili! Huyu ndiye aliyekuja kuposa kwa viatu vya kuazima. Nataka nane.

Jumanne, 4 Machi
Binti hataki kusikia nane. Eti, baba, unachora nyumba au unachora mji mkuu? Nikamwambia ni agizo la daktari: giga nne huumiza macho ya wazee. Nilijiona sungura.
Kampigia daktari. Daktari kasema dawa yangu ni miwani mipya na kupunguza uongo.

Jumatano, 5 Machi
Nane nimezipata! Mashine iliyotumika, bei ileile ya nne. Muuzaji alinionya kwamba betri imechoka. Nikamjibu hata mimi nimechoka na bado nafanya kazi. Ni nzito kama jiwe la kusagia, na feni yake inavuma hasa. Binti kauliza kama inaruka.

Ijumaa, 7 Machi
Kuta zote zimesimama. Zimekula hata giga moja? Wapi! Fedheha. Shemeji akijua nitaiweka wapi sura yangu? Nimeongeza vigae, kimoja kimoja. Majani ya mpera. Kutu ya bawaba. Kuku wa mama, kila unyoya na kivuli chake. Sasa mashine inahema. Safi.

Jambo dogo: jiko lilikuwa kushoto kwa mlango au kulia? Dada anajua, lakini siri ni siri. Nimeliweka kulia.

Shemeji kapita, kachungulia, kauliza kuku hawa wanataga lini. Nimemsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote.

Jumapili, 9 Machi
Balaa! Nimeibeba mashine mpaka kwa dada, mgongo ukinilaani njia nzima. Waya haukufika kitandani. Basi, betri. Dada akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Wakatokea kuku. Tukangoja. Kuku tu. Hatimaye likaja jiko, na dada akauliza kwa upole hapa ni kwa nani. Nikasema kwa mama. Akasema, mdogo wangu, jiko la mama lilikuwa kushoto, jua la asubuhi likimpiga mgongoni akipika. Nikainua mkono nirekebishe. Giza. Betri imekufa.

Shemeji akakohoa, akatoa kimashine chake kutoka chini ya mto. Giga mbili. Kuta za kijivu, hakuna kigae, hakuna jani. Kumbe wiki nzima wamekuwa wakichora wawili: dada anasimulia, yeye anavuta mistari. Dada akapitisha kidole juu ya kioo. Hapa mtungi. Hapa nilijificha ulipovunja taa. Hapa kitanda cha mama. Alipofika kizingitini akanishika mkono, hakuuachia. Hata Shemeji alitazama ukutani.

Jumatatu, 10 Machi
Benchi la hospitali, Shemeji pembeni yangu. Kaniambia, shemeji, ungemuuliza tu. Rahisi kusema! Nimelitafakari la jana kwa makini, kama msomi, na kosa nimelipata. Nane zilikuwa chache. Kuku wenye manyoya wanadai kumi na sita.

Muuguzi katoka. Upasuaji umekwenda vizuri. Bandeji zikitoka, dada ataona. Nikamshukuru Mungu, nikalia, nikapenga kamasi. Muuguzi akasema mgonjwa ana swali kwa mdogo wake: jiko limeshahamia kushoto?

Nimemwomba amwambie avumilie. Kwanza nitafute mashine kubwa zaidi.