Ladu kwa Panya Wembamba

Jumatatu, 8 Julai
Mvua tangu alfajiri. Hyderabad yote matope. Nimefika maabara suruali imeloa hadi magotini, nikakuta habari. Daktari Vaidehi, mkuu wetu, ametangaza kuwa mmoja wetu atakwenda Bengaluru kueleza matokeo mbele ya wakubwa. Atakayekwenda ndiye atakayepewa ajira ya kudumu. Ni mimi au Niranjan.

Niranjan ana panya wembamba. Anawalisha mafuta matupu, na hawanenepi! Anasema kuna jeni imebadilika katika ukoo wao, basi mwili unachoma mafuta yote yakawa joto. Panya wangu ni wa kawaida, wa kulinganishia. Wanakula chakula hichohicho na wamekuwa kama viazi. Nani atanisafirisha hadi Bengaluru nikaeleze kuwa mafuta yananenepesha?

Jumanne, 9 Julai
Mpango. Mchana, wenzangu walipokwenda kula, nimewahamishia panya wangu wanene kwenye kizimba cha Niranjan, na wake kwangu. Alasiri wapimwe, aumbuke. Safi kabisa.

Alasiri akafungua kizimba, akacheka hadi akashika meza. "Kaka Chalapati, wako wamekuja kutembea kwetu!" Masikio. Wake wametobolewa la kulia, wangu la kushoto. Niliyewatoboa ni mimi. Nikasema labda wakati wa kusafisha vizimba nilichanganya. Akasema hutokea, akaniletea chai ya maziwa na biskuti. Chai ya nini?

Alhamisi, 11 Julai
Mke wangu Haimavati anatengeneza ladu, vile vitufe vitamu, za uchumba wa mdogo wake. Samli, sukari, unga wa dengu, korosho. Hakuna kiumbe anayekula hizo akabaki alivyo. Mimi ni ushahidi. Nimejaza mkebe wangu wa chakula, nikawahi kazini kabla ya watu.

Panya wa Niranjan walizishika kwa mikono miwili, wakala kwa adabu kama wageni wa harusi. Nilikula nao kidogo, wasijisikie vibaya.

Ijumaa, 12 Julai
Jana jioni Haimavati aliuliza nani anamaliza ladu. Nilisema ukweli: panya. Akanitazama tumboni. "Panya gani huyo, anavaa miwani?" Hata hivyo alikwenda sokoni, akatega mitego jikoni kote. Leo alfajiri nilipokwenda kuchota zilizobaki, mmoja umeninasa kidole cha mguu. Nimewalisha panya nikichechemea.

Jumatatu, 15 Julai
Nimewalisha Jumamosi. Nimewalisha hata Jumapili, mlinzi akanisifu kwa bidii. Leo kupimwa. Nilikaa karibu na mizani kama mzazi anayengoja matokeo ya mtihani.

Hawajaongezeka! Mmoja amepungua! Nilimshika mkononi: wa moto kama chapati iliyotoka jikoni. Anakula samli ya mke wangu na kuigeuza joto, bila aibu. Niranjan alifurahi, akasema huu ukoo wa ajabu. Mimi shati halifungi.

Jumatano, 17 Julai
Balaa. Daktari Vaidehi amekuta kipande cha korosho kwenye maranda ya kizimba. Akatuita sote. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akasema aliyefanya hivi ameharibu kazi ya watu, ajitaje, afungashe vitu vyake leo. Nilitazama sakafu. Nilifikiria kodi ya nyumba, ada ya binti yangu, uso wa Haimavati.

Niranjan akasimama. Akasema ni sisi wawili. Tulikubaliana kuwajaribu kwa vitamu vya nyumbani, kosa letu ni kutoomba ruhusa. Daktari akachukua karatasi ya uzani, akaisoma, akairudia. Akauliza: "Wamekula ladu za samli, na bado wako hivi?" Akatufokea vya kutosha. Kisha akaamuru jaribio lirudiwe upya, kwa ruhusa, panya wa kawaida nao wapewe ladu. Likienda sawa, tutakwenda Bengaluru sote wawili.

Kwenye ngazi Niranjan alinishika bega. Alikuwa ameona samli kwenye mikono ya koti langu tangu Ijumaa. "Una mtoto, kaka. Usirudie tena." Akashuka zake.

Ijumaa, 19 Julai
Sijalala vizuri. Nimewaza sana juu ya wema wa Niranjan, na hatimaye nimeelewa.

"Sisi wawili." Sisi wawili! Ladu alizibeba nani? Mtego ulimnasa nani? Wazo lote ni langu, na yeye amejichukulia nusu mbele ya mashahidi, huku mimi nikimshukuru! Nimemweleza Haimavati. Akaniomba, kwa jina la miungu yote, ninyamaze. Hajui mambo ya sayansi.

Nimeamua. Jumatatu, kwenye kikao, mbele ya Daktari Vaidehi na kila mtu, nitasimama niseme wazi: ni mimi, peke yangu, kwa siri, na Niranjan hakujua lolote. Nitaeleza hatua kwa hatua. Tuone sasa nani atakwenda Bengaluru.

Koti nimelipeleka kwa dobi.